Ndege ya "Mabawa Mawili": Istilahi za Kutambulisha Ndege za Kale Katika Picha

Hivi karibuni tuliletewa picha ya kale ili tukague maelezo yake kabla hayajachapwa katika kitabu cha historia cha shule. Mfasiri alikuwa ameandika chini yake: "Ndege ya kivita ya Waingereza yenye mabawa mawili, aina ya 807, Rufiji, 1915." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, tulipoilinganisha na picha yenyewe tuliona kwamba karibu kila neno lingempotosha mwanafunzi, na lawama haikuwa ya mfasiri peke yake, kwani istilahi alizozikuta zilikuwa chache mno.

Tuanze na mabawa. Ni ndege gani isiyo na mabawa mawili? Hata ile inayotupeleka Mwanza ina moja kushoto na jingine kulia. Lugha za Ulaya zikitaja "mawili" katika ndege za zamani huhesabu tabaka: bawa la juu lililotanda kutoka ncha hadi ncha, na la chini yake, yakiunganishwa kwa nguzo na waya. Mswahili huhesabu pande. Kwa hiyo tunapendekeza isemwe ndege ya mabawa ya tabaka mbili, na hizi za leo tabaka moja. Mtindo huo utatufaa pia kwa Fokker Dr.I ya Wajerumani ya mwaka 1917, ambayo ni ya tabaka tatu. Neno "ghorofa" nalo linavutia, ila twachelea msomaji atadhani kwamba abiria walikaa juu na chini.

Jambo la pili ni mahali pa rafadha, na hapa ndipo picha yetu ilipojieleza. Katika kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, Waingereza walitumia ndege za aina kadhaa. Sopwith 807 ilikuwa na vielea vya kutulia majini, na kiwiliwili chake kilifunikwa hadi mkiani. Mwezi Juni 1915 zikafika kisiwani Mafia Caudron G.III na Henri Farman, zote mbili za magurudumu. Mikia yao haikushikwa na kiwiliwili, bali na boriti nyembamba zilizoachwa wazi, mfano wa jukwaa la mwashi. Mtu asiyezoea huzichanganya mara moja. Lakini Farman ina injini na rafadha nyuma ya rubani, na Caudron inavyo mbele yake. Picha yetu ilionyesha magurudumu, mkia wa boriti, na rafadha mbele; basi ni Caudron. Tunashauri isemwe rafadha ya kuvuta na rafadha ya kusukuma. "Ndege ya kusukumwa" haifai, maana itadhaniwa kwamba ilisukumwa na watu uwanjani, jambo ambalo nalo lilitokea.

Hiyo 807 ilitoka wapi? Bila shaka mfasiri aliiona katika kitabu kingine na kuinakili. Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa na desturi ya kuipa aina nzima ya ndege nambari ya ndege mmojawapo wa aina hiyo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Short 827, ambazo Wabelgiji walizitumia katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916 kuishambulia Kigoma. Nambari hiyo ni sehemu ya jina, wala si idadi. Tumewahi kusoma tafsiri iliyowapa Wabelgiji "ndege 827"!

"Ndege ya kivita" nayo ina walakini. Kazi kubwa ya ndege za Mafia ilikuwa kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey mahali makombora yalipoangukia, hadi Königsberg ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Tungependa ndege ya kijeshi liwe jina la jumla, na ya kivita libaki kwa ile inayoshambulia yenyewe.

Rangi zinataka tahadhari zaidi. Filamu nyingi za siku zile ziliona nyekundu kama nyeusi, na buluu kama nyeupe iliyofifia. Alama ya duara ya Waingereza ina nyekundu katikati, na ya Wafaransa ina nyekundu ukingoni. Kwa hiyo pichani ya kwanza huwa na kiini cheusi, ya pili ukingo mweusi. Lakini ndege za jeshi la majini la Uingereza kwa muda zilipakwa pete nyekundu tupu, na pete hiyo imewadanganya wengi. Mfasiri asiandike "nyeusi" kwa sababu tu ameiona nyeusi.

Lilibaki jina la mahali. Baadaye mwaka ule Caudron zilihamishiwa bara, upande wa Maktau, na katika picha hakuna mnazi wala kilima cha kutuamulia. Tuliyarudisha maelezo yakiwa hivi: "Ndege ya kijeshi ya Waingereza, Caudron G.III, ya mabawa ya tabaka mbili na rafadha ya kuvuta. Afrika ya Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza."