Kijana Aliyetaka Kuwa Mwigizaji

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akirudi likizo na kusema, "Baba, nataka kazi ya kuigiza michezo," mtamjibuje? Wengi wetu tutacheka, au tutakasirika na kusema kwamba huo ni uhuni tu. Kabla hamjajibu, someni habari za kijana mmoja wa Polandi, jina lake Karol Wojtyła.

Alizaliwa tarehe 18 Mei, 1920, katika mji mdogo wa Wadowice. Nyumbani walimwita Lolek. Mama yake alifariki mwaka 1929. Mwaka 1932 kaka yake Edmund, aliyekuwa daktari, aliambukizwa ugonjwa na mgonjwa aliyemtunza, akafa. Wakabaki wawili tu, baba na mwana. Baba, askari mstaafu, ndiye aliyepika, ndiye aliyefua, ndiye aliyesali na mwanawe.

Alipendea nini michezo?

Kwanza, aliipenda lugha yake. Polandi ilikuwa imetawaliwa na mataifa jirani kwa zaidi ya miaka mia moja, ikapata uhuru mwaka 1918. Katika miaka yote ile washairi ndio walioutunza moyo wa taifa. Kwa hiyo Lolek hakuyaona mashairi kuwa maneno ya kupitishia wakati.

Pili, alipata mwongozi. Mwalimu mmoja wa mji ule, Mieczysław Kotlarczyk, alimfundisha kwamba katika mchezo neno ni kubwa kuliko mavazi na mapambo. Mwigizaji ni mtumishi wa neno.

Tena alikuwa na bidii. Siku moja mwenzake aliadhibiwa shuleni muda mfupi kabla ya mchezo, nafasi yake ikawa wazi. Lolek akaishika pamoja na yake mwenyewe, maana maneno yote alikwisha kuyajua kwa moyo.

Mwaka 1938 Askofu Mkuu Sapieha wa Kraków alitembelea shule yao, na Lolek akamkaribisha kwa hotuba. Askofu akauliza kama kijana huyu atakuwa padre. Akajibiwa kwamba la, anakwenda Chuo Kikuu kusoma lugha. Askofu akasikitika. Moyo wa kijana ulikuwa kwenye michezo.

Vita vyaja

Tarehe 1 Septemba, 1939, majeshi ya Ujerumani yaliingia Polandi. Chuo Kikuu kikafungwa, walimu wake wakakamatwa. Karol akaenda kuvunja mawe machimboni, kisha akafanya kazi kiwandani. Mwezi Februari 1941 alirudi nyumbani kutoka kazini, akamkuta baba yake amekufa. Hakuwa bado na miaka 21, na jamaa zake wote wa nyumbani walikuwa wamekwisha.

Je, aliacha michezo? Sivyo. Mwaka ule ule Kotlarczyk alifika Kraków, nao wakaanzisha kundi la siri. Waliigiza sebuleni mwa watu, bila jukwaa wala mavazi, mbele ya watu wachache. Kama wangekamatwa, wangeweza kupelekwa kambi za mateso. Mara moja Karol alikuwa akitamka shairi, na huko nje kipaza sauti cha Wajerumani kikaanza kunguruma habari za ushindi wao. Hakunyamaza, wala hakupandisha sauti. Aliendelea kwa utulivu mpaka mwisho, kana kwamba hakusikia kitu.

Njia panda

Mwaka 1942 alisikia wito mwingine, akaingia seminari, nayo ilikuwa ya siri. Rafiki zake wa michezo walimsihi asiwaache. Mmoja alibishana naye usiku kucha, akimkumbusha mfano wa talanta katika Injili. Lakini Karol alikwisha amua. Alipadirishwa mwaka 1946.

Kumbe talanta ile haikufukiwa! Akiwa askofu alitoa mchezo juu ya ndoa, mwaka 1960, kwa jina la kujificha. Mwaka 1978 akawa Papa Yohane Paulo wa Pili. Wazee wetu waliomwona Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi mwezi Septemba 1990 walimwona mtu aliyejua kusema na umati. Mwaka 1999 akawaandikia barua wasanii wote wa dunia. Alifariki mwaka 2005, akatangazwa Mtakatifu mwaka 2014.

Basi, wazazi, msidhani nasema kwamba kila mwigizaji atakuwa padre. Wengine wameitwa kubaki jukwaani, nao waweza kumtumikia Mungu na watu huko huko. Nasema hivi: mtoto akileta haja yake, msimfukuze. Mwulizeni maswali matatu. Wataka kushangiliwa, au una jambo la kuwapa watu? Uko tayari kujifunza maneno mpaka uyajue usingizini? Na siku ambayo hapatakuwa na taa, wala fedha, wala makofi, utaendelea?

Akijibu vema, mpeni baraka yenu, mkamwombee. Mwisho wa njia yake hamwujui ninyi, wala yeye mwenyewe haujui. Hata baba yake Lolek hakuujua.