Milioni Moja Kamakis: Nyama Choma, Dola au Bondi?

Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012 na Eastern Bypass kuanza kuimiminia magari pale Ruiru, Kamakis imekuwa kituo cha watu kusimama na kula. Ukipita hapo Jumapili jioni huna haja ya kuuliza biashara ni ipi: moshi wa majiko, mbuzi waliotundikwa nyuma ya vioo vya bucha, magari ya Nairobi, Thika na Juja yamebanana kwenye maegesho. Mwenye akiba akiuona wingi ule, wazo moja humjia upesi: nikipata nafasi hapa, nitakosaje?

Swali hilo naliheshimu, kwa sababu mara nyingi anayeliuliza ana pesa ambazo hatazipata mara ya pili. Ni kiinua mgongo cha ualimu, au mgao wa chama, au bei ya ploti ya urithi. Tuseme ni milioni moja. Rafiki anamwambia aweke kwenye bondi za serikali, alale. Shemeji aliye Marekani anamwambia shilingi haitabiriki, anunue dola. Moyo wake uko Kamakis. Wote wana hoja, ila kila mmoja anapima kwa kipimo chake, na pesa za watu hupotelea hapo.

Mimi huanza na karatasi ya serikali. Huenda isiwe ndiyo bora kwa kila mtu, lakini ndiyo kipimo ambacho yale mengine mawili yanapaswa kupimwa nacho.

Serikali ya Kenya hukopa kwa wananchi wake kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hati za Hazina za siku 91, 182 na 364, zinazouzwa na Benki Kuu kila wiki. Unainunua hati kwa bei pungufu, siku zikitimia unalipwa thamani kamili. Ikiwa riba ni asilimia 16, hati ya siku 364 yenye thamani ya 100,000 ungeilipia 86,200 hivi kabla ya ushuru. Ya pili ni bondi, za miaka kadhaa hadi 30, zinazolipa riba kila miezi sita na kurudisha mtaji mwishoni. Riba ya hati hukatwa ushuru wa asilimia 15, sawa na ya bondi zisizofika miaka 10. Bondi za miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10. Bondi za miundombinu zilizouzwa miaka hii hazikukatwa kitu, na ndiyo maana watu huzigombania. Tangu 2023, mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu unamwezesha mtu kununua kwa simu bila kupanga foleni Nairobi. Bondi za kawaida zinaanzia shilingi 50,000, za miundombinu 100,000.

Februari 2024 lilitokea jambo ambalo hadi leo linawapotosha wengi. Benki Kuu iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, ikitafuta shilingi bilioni 70. Wanunuzi wakaleta zaidi ya bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241. Riba yake ni asilimia 18.46, bila ushuru. Aliyeweka milioni moja alianza kupokea zaidi ya 92,000 kila baada ya miezi sita, awe mgonjwa, awe safarini, mvua inyeshe isinyeshe. Habari ikaenea, na hadi leo kuna anayeniambia atasubiri "ile ya kumi na nane" irudi.

Ni vizuri ajue ilitoka wapi. Riba ile ilikuwa bei ya hofu. Kenya ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na soko halikuwa na hakika kama litalipika. Shilingi ilikuwa imeanguka hadi kama 160 kwa dola. Mkopeshaji anayeogopa hudai zaidi. Kisha, mwezi uleule wa Februari, serikali ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu ya lile deni kabla ya siku yake. Hofu ikapungua, shilingi ikapanda hadi kati ya 129 na 130 kwa dola. Benki Kuu, iliyokuwa imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, ilianza kuishusha Agosti 2024. Hati ya siku 91, iliyokuwa ikilipa asilimia 16 katikati ya 2024, mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu asilimia 8.

Kwa hiyo hata karatasi ya serikali ina hatari, na hii ni mojawapo: riba unayoisikia leo si lazima uikute wakati wa kuweka upya. Aliyenunua hati fupi 2024 akidhani atavuna asilimia 16 kila mwaka alijikuta akikubali nusu yake. Aliyefunga bondi ndefu ndiye aliyebaki na riba ileile.

Lakini kufunga nako kuna gharama. Tuseme ulinunua bondi ya shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 12, na bado imebakiza miaka 10. Mtoto anaitwa chuo, unataka kuiuza katika Soko la Hisa la Nairobi, na wakati huo bondi mpya zinalipa 17. Hakuna atakayekupa 100,000 kwa karatasi inayolipa kidogo. Utapewa kama 76,000. Serikali haijakosa kukulipa hata senti, lakini wewe umepoteza robo ya mtaji kwa sababu ulihitaji pesa kabla ya wakati. Ndiyo sababu siku utakayozihitaji pesa ni muhimu kuliko ukubwa wa riba.

Sasa dola. Aliyebadilisha milioni moja mwanzoni mwa 2024 kwa 160 alipata dola 6,250. Bei ilipotua 129, dola hizo zilikuwa na thamani ya 806,250, kabla hata duka la fedha halijachukua faida yake. Ndani ya mwaka uleule, mwenzake aliyenunua hati ya siku 364 kwa asilimia 16 alibaki na kama 1,136,000 baada ya ushuru. Tofauti yao ni zaidi ya laki tatu, na wote wawili walikuwa wanakimbia hatari.

Hata hivyo haki itendeke. Rudi nyuma hadi Januari 2020, dola ilipokuwa shilingi 101. Aliyenunua wakati huo na kuuza Januari 2024 alitoa milioni moja akarudi na karibu 1,584,000. Aliyezungusha hati za siku 364 miaka ileile hakufika milioni moja na laki nne. Dola ilishinda. Iliposhinda na iliposhindwa, haikulipa riba yoyote. Ilikuwa ni kukisia upande ambao shilingi itaelekea. Msimamo wangu ni mmoja: kama matumizi yako yajayo ni ya dola, mathalani karo ya mtoto ng'ambo au gari unaloagiza Japani, weka dola za kutosha matumizi hayo. Kama utakula, utalipa kodi na utazikwa kwa shilingi, huna sababu ya kuhamishia akiba yote huko.

Tukirudi majikoni, hebu tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Milioni moja imeingia katika gudwili (pesa za kumlipa anayekuachia nafasi), majiko, friji ya kioo, meza, leseni za Kaunti ya Kiambu, kodi ya miezi ya kwanza na stoki. Mauzo ni 450,000 kwa mwezi. Ukishalipa nyama, makaa, stima, vijana wa kuchoma na kuhudumia, na mwenye jengo, mkononi kunabaki 60,000. Kwa mwaka ni 720,000. Asilimia 72! Bondi gani itashindana na hiyo?

Ngoja kwanza. Nani alikuwa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku wa manane, akipima nyama, akihesabu chupa, akituliza mteja aliyelewa? Kama ni wewe, basi sehemu ya pesa zile ni mshahara wako, wala si faida ya mtaji. Meneja mwaminifu angetaka angalau 30,000 kwa mwezi: toa 360,000. Majiko na friji vya 400,000 vitachoka ndani ya miaka mitano: toa 80,000 kila mwaka. Kisha kuna ushuru wa mauzo, asilimia 3, kwa biashara ndogo zinazouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Ushuru huu hukatwa kwenye mauzo, uwe umepata faida au hujapata. Kwa mauzo ya 5,400,000 ni 162,000. Kilichobaki ni 118,000, yaani asilimia 11.8.

Hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganisha na karatasi ya serikali. Kwa riba za katikati ya 2025, hati ya siku 364 ilikuwa ikimwachia mwenye nayo kama asilimia 8 baada ya ushuru, akiwa ameketi kwake. Biashara imeizidi kwa pointi zisizofika nne. Kwa riba ya Februari 2024, ingeachwa mbali. Na bado hatujaingiza mwezi mbaya.

Miezi mibaya Kamakis imeijua. Machi 26, 2021, serikali ilifunga kaunti tano kwa sababu ya Korona: Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru. Baa zikafungwa, hoteli zikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, hadi Mei 1. Kabla ya hapo kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku tangu Machi 2020, ambayo haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Nyama choma huliwa mezani, pamoja na wenzako na kinywaji. Mwenye jengo alitaka kodi yake. Hakuna faida ya asilimia 11.8 inayobeba pigo kama hilo kama hukuwa na akiba kando.

Anayeuza mbuzi wa Kajiado hudhani dola haimhusu. Inamhusu. Mafuta ya gari yanayomleta mbuzi hununuliwa kwa dola. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita Nairobi. Mafuta ya kupikia na vifaa vya friji navyo hupanda shilingi ikishuka. Mteja wake wa Jumapili pia analipia petroli hiyo kutoka mtaani kwake, na jambo la kwanza analopunguza ni kutoka kwenda kula. Biashara hii hubeba hatari ya sarafu bila kushika noti hata moja ya kigeni.

Sisemi haya ili kumvunja moyo mtu. Biashara ina kitu ambacho bondi haina: mauzo yakiongezeka maradufu, kodi ya jengo haiongezeki maradufu, na faida ile ndogo hupaa. Pia hutoa ajira. Kwa mama anayejua nyama, asiye na kazi nyingine, ambaye atasimama pale mwenyewe, zile 360,000 za meneja ni zake. Kwake biashara ni mshahara pamoja na faida. Huyo nitamwambia aende, mradi aanze na nusu ya mtaji na asiweke kibanda kwenye hifadhi ya barabara, kwa maana barabara ikipanuliwa hatakuwa na la kudai. Lakini mfanyakazi wa ofisini Nairobi anayetaka biashara ya Kamakis iendeshwe na binamu huku yeye akipokea taarifa kwa simu ananunua hatari yote na kuacha mshahara mikononi mwa wengine. Kwake bondi inashinda, na ingeshinda hata kwa asilimia 8.

Wala serikali si malaika. Mwaka 1993 riba ya hati za Hazina za Kenya ilipita asilimia 70, na aliyefurahia akasahau kwamba bei za bidhaa mwaka huo zilipanda kwa karibu asilimia 46. Ghana, Desemba 2022, iliwaambia wenye bondi zake za ndani wabadilishe wapokee mpya za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu wakaandamana mbele ya wizara ya fedha. Kenya haijafanya hivyo, lakini ni vyema kutoweka kila kitu katika bondi ya miaka 25 ukiwa na umri wa miaka 60.

Mwenye milioni moja na anayetaka kujaribu jiko, ushauri wangu ni huu. Pesa za matumizi ya miezi sita ziingie kwanza kwenye hati za siku 91, zikipishana. Pesa za karo na matibabu ya miaka mitatu ijayo ziwekwe kwenye bondi inayokomaa wakati huohuo. Kinachobaki ndicho mtaji wa Kamakis, hata kama ni laki nne tu. Na kabla ya kumlipa mtu gudwili, mwombe daftari la mauzo la mwaka mzima, toa mshahara wako, toa uchakavu, toa ushuru, kisha fungua matokeo ya mnada wa karibuni wa Benki Kuu uyaweke kando ya tarakimu yako. Akikataa kukuonyesha daftari, usilipe.