Jiko la Pampu Lililonyamaza

Katika nyumba nyingi, darini au pembeni mwa ghala, limo jiko la mafuta ya taa la kutia pampu, jeusi kwa masizi, ambalo halijawaka tangu miaka mingi. Mwenyewe akiulizwa hujibu, “Limekufa.” Leo twataka kuonyesha ya kuwa jiko la namna hii halifi upesi. Mara nyingi mwili wake wa shaba u mzima, na vilivyochakaa ni vitu vidogo vilivyo laini, navyo hubadilishwa kwa fedha kidogo. Lakini twataka pia kusema ni lini lisiwashwe kamwe, maana jiko lililotengenezwa nusu ni hatari kuliko jiko bovu kabisa.

Asili yake ni nchi ya Uswidi. Mwaka 1892 fundi mmoja wa Stockholm, jina lake Frans Wilhelm Lindqvist, alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi wala masizi, likaitwa Primus, neno la Kilatini ambalo maana yake ni “wa kwanza”. Nansen alilichukua katika safari yake ya barafu ya kaskazini mwaka 1895, na Amundsen alikuwa nalo alipofika ncha ya kusini ya dunia mwezi wa Desemba 1911. Baadaye wasafiri wenye kulala ndani ya magari yao walilipenda kwa sababu ni dogo na moto wake ni mkali. Katika miji yetu ya pwani na ya bara wengi huliita stovu tu, nao wamelipikia chai na uji miaka mingi.

Kwanza yafaa kujua kazi yake, kwa kuwa asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua ugonjwa wake. Tangi hutiwa mafuta, nayo pampu husukuma pumzi ndani. Pumzi hukandamiza mafuta, yakapanda katika bomba hata kichwa cha jiko. Kichwa hicho sharti kiwe kimekwisha kupashwa moto kwa spiriti iwakayo katika kikombe kidogo chini yake. Mafuta yakifika mahali pa moto hugeuka mvuke, mvuke hutoka kwa nguvu katika kitundu chembamba mno, huchanganyika na hewa, ukawaka kwa rangi ya buluu. Basi jiko hili halichomi mafuta, bali lachoma mvuke wa mafuta. Mwenye kulikumbuka neno hili moja amekwisha kufahamu nusu ya ufundi.

Mwaka jana mama mmoja, jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, alituletea jiko aliloachiwa na marehemu mumewe. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amekwisha kulipima kwa mizani, akataka kumpa bei ya shaba tu. Mama alikuwa akipika kwa kuni mbichi, na makaa yamepanda bei. Tulimwomba angoje siku mbili, tulifungue kwanza.

Tulilifungulia nje, likiwa baridi, mbali na moto wowote. Kwanza tulilegeza skrubu ya pumzi iliyo juu ya kifuniko, ili kama kuna pumzi iliyobaki itoke polepole. Kisha tulitandaza kitambaa cheupe, tukapanga kila kitu juu yake kwa taratibu ya kufunguliwa kwake, maana kitu kilichotoka mwisho ndicho kitakachorudi kwanza. Nati zilizogoma hatukuzipiga nyundo. Tulizitia mafuta tukaziacha usiku kucha, na asubuhi zikakubali.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa katika ngozi ya pampu. Ni kikombe kidogo cha ngozi kilicho ncha ya mti wa pampu, mfano wa kile cha pampu ya baisikeli. Kilikuwa kimekauka kama jani, pumzi ikapita kandokando yake. Ngozi iliyokauka bila kupasuka hulowekwa katika mafuta hata ilainike, kisha midomo yake hutanuliwa kwa kidole. Iliyopasuka hukatwa mpya.

Wa pili ulikuwa katika kilango cha pumzi, yaani valvu, kilicho chini kabisa ya bomba la pampu. Kazi yake ni kuipokea pumzi na kuikataza isirudi. Ndani yake mna springi na kipande kidogo cha mpira au cha koki, na kipande hicho kilikuwa kimeoza. Dalili yake ni hii: ukiisha kupiga pampu, mti wa pampu hupanda wenyewe. Uonapo hivyo usiwashe jiko, maana mafuta yaweza kurudi na kumwagika nje karibu na moto. Kilango hiki hufunguliwa kwa ufunguo mrefu wa namna yake. Asiye nao ampelekee fundi, asikikwaruze kwa bisibisi.

Wa tatu ulikuwa katika pete za kuzibia, yaani ile ya kifuniko na ile ya risasi iliyo chini ya kichwa cha jiko. Pete ya risasi ikiisha kubanwa mara moja haifai kutumika tena. Tena mwenye kuishika risasi anawe mikono kabla ya kula.

Wa nne ulikuwa katika kitundu cha mvuke, kilichozibwa kwa taka. Kitundu hiki huzibuliwa kwa sindano yake nyembamba, wala si kwa msumari wala kwa pini ya nguo. Kikipanuka mafuta hutoka mengi kuliko hewa, moto huwa wa manjano wenye masizi, wala hapana dawa ila kununua kingine.

Tangi tulilitia mafuta kidogo ya taa na kokoto ndogo tulizozihesabu, tukalitikisa, tukamwaga, tukazihesabu tena ili isibaki hata moja ndani. Nje tulisugua kwa ndimu na majivu laini, tukasuuza upesi. Hatukuliweka juu ya moto ili kuunguza uchafu, kama wengine wafanyavyo, maana viungo vyake vimeshikwa kwa lehemu, na lehemu huyeyuka upesi.

Lililofuata ndilo kubwa kuliko yote, yaani kulijaribu kabla ya kuliwasha. Tulilifunga likiwa tupu, mmoja akaziba kitundu kwa kidole, mwingine akapiga pampu na kupaka povu la sabuni katika kila kiungo. Chini ya kichwa povu lilitoa malengelenge, kumbe pete ya risasi haijabanwa sawasawa. Tukakaza, tukajaribu tena, povu likatulia.

Ndipo tukatia mafuta ya taa hata robo tatu ya tangi, wala si zaidi, ili pumzi ipate nafasi yake. Hatukutia petroli wala mafuta yaliyochanganywa na petroli, maana jiko hili likitiwa petroli laweza kulipuka. Tukaweka ndoo ya mchanga karibu, watoto wakasimama mbali, tukawasha spiriti, tukangoja hata ikaribie kwisha. Asiyengoja hupata mwali mrefu wa manjano, akaogopa, akazidi kupiga pampu, na hapo ndipo nyumba huungua. Sisi tulipiga pampu kidogo tu, jiko likavuma, na moto wake ukawa buluu. Mama hakusema neno. Alikwenda kuleta sufuria.

Mwezi ule ule tuliletewa jiko jingine, zuri kwa macho, lakini tangi lake lina ufa penye mshono. Mwenyewe alitusihi tulizibe kwa lehemu. Tulikataa, tukamshauri auze shaba yake. Ufa wa tangi hukaa mahali penye kukandamizwa kwa pumzi na kupata joto, na kiraka kikiachia, mafuta humwagika juu ya moto mbele ya uso wa mpishi.

Neno la mwisho ni kwa wapikao ndani ya chumba au ndani ya gari. Moto wowote hula hewa, na ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Basi mlango na dirisha viwe wazi, na jiko lisiachwe likiwaka watu wakilala. Likiisha kazi, legeza skrubu ya pumzi, moto utazimika. Likipoa, lifute, uliweke mahali pasipofikiwa na watoto.