Soseji ya Nguruwe na Haki ya Mlaji Kujua Alacho

Ni maneno machache yanayoficha mambo mengi kama neno "soseji". Jioni, watu washukapo feri upande wa Likoni, au wangojapo magari Changamwe, au warejeapo makwao Kisauni, toroli za wachuuzi huwa zimekwisha kujipanga. Soseji hupashwa moto, "smoki" hupasuliwa kwa kisu na kujazwa kachumbari, na mnunuzi hulipa, hula, akenda zake. Aghalabu haulizi ni nyama gani, wala imechanganywa na nini. Waswahili wana usemi wa kuuziwa mbuzi katika gunia. Hapa gunia limekuwa jembamba mno, na aliyemo ndani huenda si mbuzi.

Neno lenyewe lingeweza kutuonya lau tungelijua nasaba yake. Sisi tumelitohoa kutoka Kiingereza. Kiingereza kililipata kwa Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, ambako shina lake lina maana ya kitu kilichotiwa chumvi. Kabla ya kuwapo majokofu, chumvi ndiyo iliyokuwa mlinzi wa nyama. Jokofu limekuja, lakini chumvi haikuondoka.

Basi na tulifungue gunia hilo. Gramu 100 za soseji ya nguruwe iliyokwisha kupikwa huwa na kiasi cha kalori 325, protini gramu 18 na mafuta gramu 27. Viwango hivyo hupanda na kushuka kwa kadiri ya mtengenezaji, lakini sura yake ndiyo hiyo: takriban robo tatu za nguvu zipatikanazo humo hutokana na mafuta. Theluthi moja hivi ya mafuta hayo ni ya ile aina igandayo penye baridi, ambayo waganga wa moyo hutuhimiza tuipunguze. Chumvi yake hukaribia gramu 2, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Nyuzinyuzi, ambazo ndizo zisaidiazo utumbo kufanya kazi yake, ni kama hazimo.

Haki haina upendeleo, nayo yatulazimu tutaje na mema. Nyama ya nguruwe ina vitamini B1 kwa wingi kuliko nyama ya ng'ombe, na ina vitamini B12 na madini ya zinki. Mnofu wake uliotengwa na mafuta una mafuta machache kuliko watu wengi wadhanivyo. Kwa hiyo, tukizungumzia lishe, lawama haimwangukii mnyama. Kinachobadili mambo ni kiwanda: mnofu husagwa pamoja na mafuta, hutiwa chumvi na viungo, na mara nyingi hutiwa pia chumvichumvi ziitwazo nitraiti, ambazo huzuia vijidudu na kuipa nyama rangi ya waridi.

Athari zake si za kubuni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na chumvi nyingi ni mojawapo ya vyanzo vyake. Mwaka huohuo wa 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka nyama zilizosindikwa, soseji zikiwamo, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Lilieleza kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Tusiyageuze maneno hayo kuwa kitisho. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, wala halisemi kuwa soseji moja ni sawa na sigara. Jambo la kuzingatia ni maneno mawili: "kila siku".

Hapa ndipo penye shaka yangu. Mtoto wa shule aliyezoea kununua "smoki" kila jioni hujenga ada, na ada ni ngumu kuvunjwa. Wakati huohuo, pwani hii haikukosa kitoweo. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa zina protini gramu 7 hivi, nyuzinyuzi kiasi kama hicho, na mafuta yasiyofika hata gramu 1. Kweli, tui la nazi huongeza mafuta. Lakini hata hivyo mlaji hupata nyuzinyuzi asizozipata katika soseji, na chumvi huitia mpishi mwenyewe kwa mkono wake.

Nitaambiwa kuwa maskini hachagui, na kwamba mchuuzi naye ni kijana anayetafuta riziki ya halali. Nakubali yote mawili. Siombi toroli zivunjwe wala vijana wafukuzwe barabarani. Ninaloomba ni dogo zaidi, nalo halimnyimi mtu riziki: mlaji aambiwe.

Tazama hali ilivyo. Katika pakiti, soseji huwa na maelezo yake: aina ya nyama, vilivyochanganywa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Mchuuzi akishaipasua pakiti, maelezo hutupwa na soseji hubaki uchi. Na hata pakiti ikiwapo, maelezo hayo aghalabu ni ya Kiingereza, tena kwa herufi za kusomwa na mwenye macho ya tai. Katika mji ambamo Waislamu, Wasabato na walaji wa nguruwe husimama mbele ya toroli moja, hilo si jambo la kupuuzwa. Mmoja huuliza "ni nyama gani?" kwa ajili ya dini yake, mwingine huuliza "mna chumvi kiasi gani?" kwa ajili ya moyo wake. Maswali ni mawili, lakini haki ni moja.

Haki hiyo haikutokana na hisani ya mtu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Jedwali la Nne nalo limezipa kaunti mamlaka ya kuwapa leseni na kuwadhibiti wauzao chakula kwa umma. Kaunti ya Mombasa basi ina uwezo wa kuweka sharti jepesi katika leseni: kila toroli iwe na kibao kinachotaja kwa Kiswahili aina ya nyama, na pakiti ya asili ihifadhiwe hadi soseji ya mwisho iuzwe. Watengenezaji nao waandike viwango vya chumvi na mafuta kwa Kiswahili chenye herufi za kusomeka.

Neno "lishe" limetokana na kulisha, na kulisha ni kitendo cha watu wawili: alishaye na alishwaye. Alishaye akificha, alishwaye hula kwa kubahatisha. Atakayekula soseji ya nguruwe na aile, atakayeiacha na aiache, ila kila mmoja awe ameamua kwa kujua.