Kofre ya gari njiani Masisi na Walikale: kilichomwagika jana kinaingia katika unga wa leo

Siku ya soko, gari inayotoka Masisi-centre kuelekea Sake na Goma inabeba vyote kwa pamoja: fromaji za mviringo, bidoni za maziwa, maharagi, kuku waliofungwa miguu. Ikirudi, kofre ileile inapakia esansi katika bidoni za njano, chumvi, makayabu, batri, na dawa ya kupulizia viazi mviringo. Upande wa Walikale ni hivyohivyo. Mawese yanatoka, bidhaa za dukani zinaingia, kupitia Nyabiondo au kwa barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu na kupita Hombo. Gari ni chache, matope ni mengi, na shofere hawezi kukataa mzigo sababu ya harufu yake.

Ndiyo maana watu wengi wakisikia habari ya kusafisha kofre wanaona ni mambo ya urembo, kazi ya watu wa mjini wenye gari ya kutembelea. Kumbe ni mambo ya tumbo.

Kuko mfano mmoja mkubwa unaojulikana, hata kama haukutokea kwenye gari. Mwaka 1967, katika miji ya Doha kule Qatar na Hofuf kule Saudi Arabia, watu walianza kuanguka na kifafa saa chache tu baada ya kula mkate. Watu 874 walilazwa hospitali, 26 wakafa. Waganga walipofuata njia ya ule unga walikuta kwamba ulisafirishwa ndani ya meli pamoja na dawa ya wadudu iitwayo endrin. Dawa ilipakiwa juu, unga chini, dawa ikavuja. Miaka tisa mbele ya hapo, mwaka 1958, jambo la namna hiyo lilitokea jimbo la Kerala, India, na dawa nyingine, parathion: watu zaidi ya 100 walikufa. Hakuna mtu aliyetaka kuua. Mizigo ilipangwa vibaya, basi.

Kofre ya jeep ni ndogo kuliko tumbo la meli, lakini sheria ni ileile. Unga unanyonya. Gunia la unga wa muhogo likikaa juu ya tapi yenye unyevu wa dawa, linavuta ile dawa kutoka chini, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Kuchekecha hakuondoi sumu, kuanika juani hakufai kitu, na kupika fufu kwa moto mkali hakuwezi kuaminiwa. Unga ulioguswa na dawa hauliwi, haupewi kuku wala nguruwe, na gunia lake halirudi sokoni. Hapa ndipo ugomvi unaanza, sababu gunia moja ni pesa nyingi kwa mama muuzaji, na shofere naye anasema hakuvunja chupa yeye. Kwa hiyo ni bora swali la nani atalipa lizungumzwe kabla gari haijaondoka, wakati kila mtu bado ana roho baridi.

Mtu aliyekula chakula cha namna hiyo anaweza kutapika, kutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo, au akatetemeka na kupata kifafa. Apelekwe centre de santé mara moja, pamoja na chupa au karatasi ya dawa ili muganga ajue ni sumu gani. Katika vijiji vingi watu wanakimbilia kumpa maziwa au mawese. Hayo hayaondoi sumu. Mafuta yanaweza hata kusaidia dawa fulani kuingia mwilini haraka zaidi, na muda unapotea.

Dawa za shamba, basi, hazipandi pamoja na chakula ndani ya kofre. Kama gari ni moja na safari ni moja, dawa iende juu ya gari, ndani ya ndoo yenye kifuniko, imefungwa kamba. Kama hata hilo haliwezekani, iwe chini kabisa ndani ya ndoo hiyo, na chakula kiwe mbali nayo. Isiwekwe hata siku moja juu ya gunia.

Esansi na mazutu vina shida yao. Moshi wa esansi usioonekana ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ya kofre kunako nyaya za taa, na cheche moja inatosha. Halafu gari nyingi zinazopanda Masisi ni jeep, ambazo kofre na viti vya nyuma ni chumba kimoja. Mtoto anayelia kichwa na kutapika njiani, mara nyingine anayemsumbua ni bidoni iliyo nyuma ya mgongo wake, si kona za barabara. Esansi ikimwagika, abiria washuke, milango yote ifunguliwe, sigara izimwe mbali. Mchanga mkavu, vumbi la mbao au majivu vinamwagwa juu ili vinyonye, kisha vinatolewa nje. Majivu yawe ya jana, baridi kabisa. Jambo hilo linaonekana wazi, lakini jioni penye haraka mtu anaweza kuchota jikoni bila kufikiri.

Bidoni nyingi zinavuja bila hata kupasuka. Mji wa Walikale uko chini, ndani ya pori lenye joto. Vilima vya Masisi vinapita mita 2,000. Gari ikipanda, hewa ya nje inapunguka nguvu, ile iliyofungwa ndani ya bidoni inasukuma, bidoni inavimba na kifuniko kinaanza kutoa machozi. Esansi iliyojazwa hadi mdomoni asubuhi ya baridi nayo inaongezeka jua likiwaka. Dawa yake ni kuacha nafasi ya vidole vitatu au vinne juu, kuweka kipande cha mpira safi ndani ya kifuniko, na kusimamisha bidoni wima. Kulaza bidoni ili nyingine ipate nafasi ni kutafuta hasara.

Chombo cha kuzuia kumwagika si lazima kinunuliwe. Bidoni ya zamani ya litra 20 ikipasuliwa ubavuni inakuwa beseni: bidoni nzima haiingii humo, lakini chupa za mafuta ya motere zinakaa muzuri. Kwa bidoni kubwa, shiti inatandikwa na kingo zake zinakunjwa juu pande zote nne, kama sahani. Shiti iliyotandikwa tambarare haisaidii, inapeleka tu mafuta upande wa pili.

Kusafisha nako kuko na akili yake. Maziwa yanaoshwa kwanza kwa maji baridi, sababu maji ya moto yanayagandisha ndani ya tapi na baada ya siku mbili harufu inafukuza abiria. Mawese ni kinyume. Kule Walikale ni maji, lakini kwa baridi ya Masisi yanaganda, na hapo ni rahisi: yanakwanguliwa kwanza kwa kipande cha mbao, halafu yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Asidi ya batri inamwagiwa bikaboneti, au maji ya majivu kama bikaboneti haiko, mpaka iache kutoa povu, ndipo inaoshwa na maji mengi. Mikono ikae mbali. Maji ya chumvi ya makayabu watu wanayadharau, lakini ndiyo yanayokula chuma polepole.

Tapi itolewe nje kila mara, hata kama juu inaonekana kavu. Chini yake, pale penye tairi ya akiba, ndipo maji, maziwa na esansi vinakutana. Gari nyingi zina vifuniko vidogo vya mpira hapo chini. Vikitolewa, maji yanashuka yenyewe. Virudishwe, la sivyo matope ya Sake yanaingia kwa njia hiyohiyo.

Fromaji ndiyo inayosema ukweli kuhusu kofre. Mafuta yake yanashika harufu ya petroli upesi, na mnunuzi wa Goma akiikata na kunusa, bei inashuka papo hapo, hata kama jicho halioni doa. Mwenye mzigo wa fromaji ana haki ya kuingiza kichwa ndani ya kofre na kunusa kabla ya kupakia, na shofere asione ni matusi.

Maji yaliyoosha mafuta au dawa yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni kunako watu wanaochota. Shimo mbali na maji linatosha. Na shiti iliyofunika dawa hairudi kufunika chakula wala kulaliwa na watoto, hata ikioshwa mara tatu. Ikatwe kona moja, ili hata konvoyeri mpya aliyeanza kazi leo aitambue gizani.