Je, Wajua? Mirusho Miwili Iliyomponza d'Alembert

Mwaka 1754, mwanahisabati Mfaransa Jean le Rond d'Alembert, aliyehariri kamusi elezo ya Encyclopédie pamoja na Denis Diderot, aliandika humo makala kuhusu mchezo wa kurusha sarafu, akakosea swali ambalo leo hupewa wanafunzi wanaoanza somo la takwimu: sarafu ikirushwa mara mbili, kuna uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara moja? Alihoji kwamba kichwa kikitokea mwanzoni mchezo umekwisha, kwa hiyo yapo matokeo matatu tu, yaani kichwa, mkia kisha kichwa, na mkia kisha mkia. Na kwa kuwa mawili ni ya ushindi, jibu likawa 2/3.

Hoja hiyo inavutia, na ndiyo maana bado huwanasa wengi. Uwezekano hupatikana kwa kugawa idadi ya matokeo yanayotakiwa kwa idadi ya matokeo yote, lakini kanuni hiyo hufaa pale tu ambapo kila tokeo lina nafasi sawa ya kutokea, ilhali hapa kichwa cha mrusho wa kwanza kina nafasi ya 1/2, na kila moja ya matokeo mengine mawili lina 1/4. Anayeorodhesha jozi zote nne, KK, KM, MK na MM, hata pale mrusho wa pili unapoonekana hauna kazi, huona kwamba tatu zina kichwa, yaani 3/4. Njia fupi zaidi ni kutoa uwezekano wa kukosa kichwa kabisa: 1 − (1/2 × 1/2).