Nani Alifyatua? Mkondo wa Haki Polisi Anapoua Kibera na Kawangware

Polisi wa Kenya hana kinga ya kuua. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaeleza ni lini afisa anaruhusiwa kutumia bunduki. Jedwali la Sita la sheria hiyo linamtaka atangulize njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, iwe ya kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Risasi ni kwa ajili ya kuokoa maisha, ya afisa mwenyewe au ya mtu mwingine, na kwa hali nyingine chache zilizotajwa. Akishafyatua na mtu akaumia au kufa, afisa ana wajibu wa kumtafutia majeruhi matibabu, kuwaarifu jamaa, kulinda mahali pa tukio na kutoa taarifa. Jedwali hilo linasema pia kwamba amri ya mkubwa si kisingizio kwa nguvu iliyovunja sheria.

Afisa aliyevuka mipaka hiyo hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu, kama raia yeyote. Kifungu cha 203 kinahusu mauaji ya kukusudia, na cha 202 kuua bila kukusudia. Kwa hiyo sheria ipo, na imeandikwa vizuri. Kinachowashinda wengi wa waliozika watoto wao Kibera na Kawangware ni safari kutoka kwenye maiti hadi kizimbani, kwa sababu kesi ya jinai haishtaki kikosi wala kituo. Inamtaka mtu mmoja mwenye jina, aliyeshika bunduki moja inayojulikana, na risasi iliyotoka humo ikaua. Mambo hayo yote matatu huwa mikononi mwa polisi wenyewe.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofungwa na polisi kwa siku kadhaa, waandamanaji wakizuiwa kufika katikati ya jiji. Tume ilikuta kwamba polisi walikuwa wamefyatua risasi kupita kiasi katika sehemu nyingi, na kwamba wengine walipigwa wakiwa hawana silaha.

Karibu vifo vyote hivyo havikufika mahakamani. Kimoja kilichofika kilitoka Kondele, Kisumu, ambako kamera ya televisheni ilimnasa afisa akiwapiga risasi vijana wawili mnamo Januari 2008. Nchi nzima iliona picha. Hata hivyo, Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia mshtakiwa, kwa kuwa namba ya bunduki iliyopimwa maabara haikuwa sawa na namba ya bunduki aliyokabidhiwa siku ile. Katika kesi ya jinai shaka yoyote ya maana humnufaisha mshtakiwa, na kanuni hiyo ni njema, inamlinda kila raia. Lakini bunduki ile ilitoka katika ghala la polisi, daftari lake liliandikwa na polisi, na aliyeipeleka maabara alikuwa polisi. Familia mbili zilibaki na picha ya video tu.

Miaka miwili baada ya Kondele, Machi 2010, wanaume saba waliotajwa kuwa watu wa teksi walipigwa risasi wakafa usiku mmoja Kawangware. Maafisa wa Polisi wa Utawala walikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji siku chache baadaye. Kesi hiyo yafaa ikumbukwe kwa sababu inaonyesha kwamba mfumo ukitaka kusonga, husonga. Vifo saba kwa mpigo, mitaa iliyojaa hasira na magazeti yaliyokuwa yakiuliza maswali kila asubuhi vilitosha kuusukuma. Kijana anayeuawa peke yake katika uchochoro wa Gatina, Kawangware, au wa Laini Saba, Kibera, hana msukumo wa namna hiyo.

Chombo kilichokusudiwa kumsimamia kijana huyo ni Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, inayojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, IPOA. Iliundwa kwa sheria ya 2011 na kuanza kazi mwaka 2012 chini ya mwenyekiti wa kwanza, Macharia Njeru. Wajumbe wake ni raia. Polisi wanatakiwa kuiarifu kila mtu anapokufa au kuumia vibaya mikononi mwao, nayo ina wachunguzi wake wanaoweza kuhoji maafisa na kudai stakabadhi. Malalamiko yaweza kupelekwa huko moja kwa moja bila kupitia kituo cha polisi, na huo ni msaada mkubwa: mama wa Kibera hana haja ya kusimama mbele ya meza ileile anakokaa mwenzake aliyemuua mwanawe. Ila IPOA haishtaki. Ikimaliza kazi huandika mapendekezo na kupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye kwa Kifungu cha 157 cha Katiba ndiye mwenye uamuzi wa kumpeleka mtu kortini. Jalada linaweza kurudishwa likajazwe mapengo. Miezi hupita hivyo, na mara nyingi ni miaka.

Mapengo yenyewe huanza katika saa za mwanzo. Katika mabanda ya Kibera nyumba ni za mabati na udongo, njia ni nyembamba, na watu hupita usiku na mchana. Ganda la risasi lililoanguka hukanyagwa, huokotwa na watoto, au huchukuliwa na waliofyatua. Damu huoshwa kwa maji machafu ya mtaro. Mara nyingi polisi ndio wanaoubeba mwili na kuupeleka mochari ya jiji, na wakati mwingine huusajili kama wa mtu asiyejulikana, hata kama mfuko wa suruali ulikuwa na kitambulisho. Jamaa hupata habari kwa kuzunguka kutoka hospitali ya Mbagathi hadi Kenyatta, kisha mochari. Wanapofika, taarifa katika kitabu cha matukio cha kituo imekwisha kuandikwa: jambazi sugu, alikataa kujisalimisha, bastola bandia ilipatikana kando yake. Maelezo hayo hurudiwa kwenye habari za jioni, na marehemu huzikwa akiwa na jina la mwizi.

Upasuaji wa maiti ndio unaoweza kuyapinga maelezo hayo ya polisi. Daktari wa serikali hueleza risasi iliingilia wapi, ikatokea wapi, na kwa umbali gani. Mtu aliyepigwa kisogoni au mgongoni akiwa amepiga magoti hakuwa akishambuliana na mtu. Familia ina haki ya kuleta daktari wake ashuhudie upasuaji, na mashirika ya haki yaliyo chini ya muungano wa Missing Voices, pamoja na vituo vya haki vya mitaani, hujitahidi kumpata. Risasi ikitolewa mwilini lazima ifungwe, iandikwe na kukabidhiwa kwa saini mkono hadi mkono. Kisha inakwenda maabara ya upelelezi ya polisi kulinganishwa na bunduki, na hapo swali la Kondele linarudi: bunduki gani, na nani alisaini daftari la ghala asubuhi ile?

Aliyenusurika naye ana kikwazo chake. Ili majeraha yatambulike kisheria anahitaji fomu ya P3, ambayo hutolewa na kituo cha polisi. Wapo walioogopa kuiomba, wakatibiwa kimyakimya katika zahanati za mtaani na kukaa na risasi mwilini.

Halafu kuna mashahidi. Mitaani maafisa wasiovaa sare hujulikana kwa lakabu, na kila kijana aliye stejini anajua nani anafanya kazi na nani. Lakini lakabu si namba ya kazi, na kuielezea kortini ni kujitambulisha. Shahidi anaishi chumba kimoja na familia yake, mlango wake ni wa bati, na afisa anayetakiwa kumtolea ushahidi hupita hapo kila jioni. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya 2006 iliweka mpango wa kuwahamisha walio hatarini, lakini kuhama maana yake ni kuacha genge la mboga, mteja wa kufuliwa nguo, shule ya watoto na chama. Haishangazi kwamba wengi huchagua kunyamaza, na asiyewahi kuishi hivyo hana haki ya kuwalaumu.

Hofu yao ina msingi. Aprili 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi mkononi na afisa wa Polisi wa Utawala katika eneo la Machakos. Alilalamika kwa IPOA, naye akageuziwa mashtaka. Juni 23, 2016, akitoka mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi, wote watatu walitekwa. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Mawakili wa Kenya waliandamana, kesi ikafuatwa na dunia nzima, na bado ilichukua miaka sita kufikia hukumu. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani maafisa watatu na mpasha habari mmoja wa polisi. Februari 2023 aliyempiga risasi mwendesha bodaboda alihukumiwa kifo, wenzake wakapewa vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Ikiwa mauaji ya wakili wa shirika la kimataifa yalichukua muda huo, ni rahisi kukisia jalada la muuza mitumba linasubiri kiasi gani.

Hukumu zimepatikana, ingawa ni chache mno mbele ya maelfu ya malalamiko. Ya kwanza iliyotokana na kazi ya IPOA ilitolewa Februari 2016, maafisa wawili walipofungwa miaka saba kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale. Kibera yenyewe ilipata kesi yake baada ya Desemba 2018, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma chuo kikuu nchini Uingereza alipopigwa risasi karibu na kwao akiwa likizoni. Polisi walisema ni mhalifu. Majirani walisema alikuwa ametoka kutazama mpira. Safari hii marehemu alikuwa na walimu na wafadhili ng'ambo waliokataa maelezo ya polisi, IPOA ikachunguza, na afisa akashtakiwa kwa mauaji. Vijana wengine wa rika lake waliouawa katika mitaa hiyohiyo hawakuwa na barua za chuo za kuwatetea, na uhai wao ulikuwa na thamani ileile.

Uchaguzi wa 2017 ulileta swali zito zaidi: afanyweje aliyetoa amri? Ripoti ya pamoja ya Human Rights Watch na Amnesty International ya Oktoba mwaka huo iliorodhesha watu wasiopungua 33 waliouawa Nairobi baada ya kura ya Agosti, wengi wao kwa risasi za polisi, katika mitaa kama Mathare, Kibera na Kawangware. Baada ya kura ya marudio ya Oktoba 26, Kawangware iliwaka tena, maduka yakachomwa karibu na steji ya 56. Katika mvurugano wa namna hiyo, maafisa kumi wakifyatua kwa pamoja, kumtafuta mwenye risasi moja karibu hakuwezekani.

Njia nyingine ilifunguliwa na kifo cha Kisumu, cha mtoto Samantha Pendo wa miezi sita, aliyejeruhiwa kichwani polisi walipovamia nyumba yao Nyalenda katika ghasia hizo za 2017. Februari 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho aliwaona makamanda kuwa na lawama. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka Noordin Haji aliidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008. Sheria hiyo inamfikia mkuu aliyejua au aliyepaswa kujua maovu ya walio chini yake asiyazuie. Kusomewa mashtaka kuliahirishwa mara kwa mara. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza nchini Kenya upande wa mashtaka ulikubali kwamba operesheni ina mwenyewe, hata kama risasi au rungu havina jina.

Marekebisho mengine yamebaki nusu. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Uchunguzi wa Vifo mwaka 2017, ili vifo vyenye utata vichunguzwe na ofisi isiyo ya polisi tangu dakika ya kwanza. Miaka mingi baadaye ofisi hiyo ilikuwa haijaanza kazi, na mwili wa aliyepigwa risasi na polisi uliendelea kubebwa na gari la polisi. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Mahakama Kuu iliagiza maafisa wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche utambulisho wao. Agosti 2025 serikali iliteua jopo la kusimamia fidia kwa waathiriwa wa maandamano tangu 2017, hatua iliyopingwa mahakamani mara moja.

Fidia ni stahili ya familia, na nyingi zinaihitaji kwa kodi na karo. Haifuti kesi. Kosa la mauaji halina kikomo cha muda katika sheria ya Kenya, kwa hiyo jalada la 2008 la Kibera au la 2017 la Kawangware laweza kufunguliwa wakati wowote shahidi atakapojitokeza, au daftari la ghala la silaha litakapopatikana.